Kuchuja Barua Taka Ndani ya Programu: Bei Halisi ya Kila Njia

Kampuni nyingi hazimwachii tena karani kazi ya kufungua barua pepe za wateja moja baada ya nyingine. Programu iliyo kwenye seva huingia kwenye sanduku, huchukua kila barua mpya, huifungulia tiketi na kumpangia mhudumu. Mpango huu ni mzuri mpaka siku barua taka zinapoanza kumiminika. Programu haimtambui tapeli. Itamfungulia tiketi muuza dawa za kupunguza unene, na kama imeandikwa kujibu yenyewe, itatuma majibu kwa anwani ambazo tapeli amezighushi. Hapo seva yako nayo huanza kuonekana mtuma taka, na barua zako halali huanza kukataliwa huko ziendako.

Kwa hiyo mwandishi wa programu lazima aulize swali moja kabla ya kufanya lolote na barua: je, hii ni safi? Njia za kupata jibu ni nyingi, na karibu zote leseni zake ni bure au senti chache. Ndiyo maana kulinganisha bei za leseni hakumsaidii mnunuzi. Fedha huondoka kwa njia nyingine: memori ya seva, saa za fundi, na barua halali zilizotupwa kimakosa. Hilo la mwisho ndilo ghali kuliko yote, lakini halionekani kwenye ankara yoyote.

Tuchukue kampuni ya utalii ya Arusha inayopokea barua 300 kwa siku. Wageni wanaandika kwa Kiingereza, Kijerumani na Kifaransa; hoteli, madereva na mawakala wanaandika kwa Kiswahili. Barua taka moja ikipenya, mhudumu anapoteza sekunde chache kuifuta. Barua moja ya familia inayotaka siku saba Serengeti na Ngorongoro ikitupwa, kampuni imepoteza mauzo ya maelfu ya dola na haitajua kamwe. Kila uamuzi unaofuata nimeupima kwa mizani hiyo.

Anza na ulichokwisha kulipia. Ukikodi nafasi ya tovuti yenye cPanel, kwa kawaida SpamAssassin imo tayari; ikiwashwa, kila barua hufika ikiwa na kichwa cha X-Spam-Status chenye hukumu na alama. Microsoft 365 huandika alama yake ya SCL kwenye vichwa vya barua. Google huhamishia taka kwenye folda ya Spam. Programu yako inaweza kusoma hukumu hizo kwa mistari michache ya msimbo, bila kusakinisha chochote. Gharama yake ni saa mbili tatu za kazi.

Ila kuna shimo hapa ambalo wengi hawalioni. Programu inayosoma sanduku kwa IMAP kwa kawaida hufungua INBOX peke yake. Mtoa huduma akiiweka barua ya mgeni kwenye folda ya Spam, mbele ya programu yako barua hiyo haipo, na kwa kuwa hakuna mtu anayefungua sanduku kwa mkono tena, haitaonekana. Iandikie programu ipite pia kwenye folda ya Spam, iorodheshe watumaji na mada, na orodha hiyo imfikie mtu mmoja kila asubuhi. Nusu ya wasomaji wa makala hii, nadhani, wakishafanya hivyo hawatahitaji zaidi.

Wanaobaki ni wale ambao mtoa huduma wao hachuji vizuri, au wanaopokea barua kwenye seva yao wenyewe. Kwao jina la kwanza ni Apache SpamAssassin. Justin Mason aliitoa mwaka 2001, ikawa mradi wa Apache Software Foundation mwaka 2004, na toleo la 4.0 lilitoka Desemba 2022 likiwa na uwezo bora wa kushughulikia maandishi ya lugha mbalimbali. Hufanya kazi kwa kanuni: kila kanuni inayoguswa huongeza au hupunguza alama, na jumla ikifika 5 barua huhesabiwa taka. Uzuri mkubwa wa mtindo huu ni kwamba hukumu ina maelezo. Mteja akilalamika kwamba barua yake haikufika, unaweza kufungua ripoti na kuona ni kanuni ipi ilimpandisha.

Usiiite kwa amri ya spamassassin kwa kila barua. Kila mara inapoanza hupakia Perl na kanuni zote upya, na seva ndogo huelemewa. Iendeshe kama huduma ya kudumu, spamd, inayosikiliza kwenye poti 783. Programu yako, iwe ya PHP, Python au Java, hufungua soketi, hutuma neno CHECK pamoja na barua, kisha husoma jibu linalosema kama ni taka na imepata alama ngapi kati ya ngapi. Kwa kawaida spamd huruhusu hadi watoto watano, yaani michakato yake midogo, wakifanya kazi pamoja, na kila mmoja anaweza kukaribia megabaiti 100 za memori. Seva ya gigabaiti moja inayobeba pia hifadhidata na tovuti itabanwa. Kwa bei za DigitalOcean, kwa mfano, kutoka gigabaiti 1 ya dola 6 kwenda gigabaiti 2 za dola 12 ni nyongeza ya dola 72 kwa mwaka. Hiyo ndiyo bei halisi ya kichujio hiki cha bure, ukiongeza siku moja au mbili za fundi anayejua kazi yake. Kwa barua 300 kwa siku, punguza watoto wabaki wawili, na huenda usihitaji kabisa kupanda ngazi.

Kuna mitego miwili ya kuijua kabla hujaisakinisha. Wengi huipigia spamd kupitia programu yake ndogo ya spamc, kwa chaguo la -c. Spamd ikiwa imezima, spamc huandika 0/0 na kutoa msimbo wa kutokea 0, ambao pia ndio wa barua safi. Huduma inaweza kulala wiki nzima na programu ikaendelea kupitisha kila kitu kana kwamba kimechunguzwa. Angalia 0/0 kwa makusudi, au ongea na soketi moja kwa moja ili hitilafu ionekane kuwa hitilafu. Mtego wa pili ni ukubwa: spamc kwa kawaida haichunguzi barua inayozidi kilobaiti 500, na barua yenye picha za pasipoti huzidi hapo kwa urahisi.

Sasa suala la lugha, ambalo kwetu ni zito kuliko memori. Kanuni nyingi za SpamAssassin zinazotazama maneno zimeandikwa kwa kuangalia taka za Kiingereza. Taka ya Kiswahili inayomwahidi mtu mkopo bila dhamana inaweza kupita bila kugusa hata moja. Upande wa pili, zipo kanuni za utapeli wa malipo ya awali, zenye majina yanayoanza na ADVANCE_FEE, na hizo hutazama mazungumzo ya fedha, benki na uhamisho. Kampuni inayojadili kila siku na wageni malipo ya safari kwa njia ya benki iko karibu na mazungumzo hayo kuliko mwalimu wa shule ya Berlin.

Dawa yake ni sehemu ya kujifunza, inayoitwa Bayes. Unaipa barua taka zako na barua halali zako kwa amri ya sa-learn, nayo hujifunza maneno yanayoenda na kila upande kwenye sanduku lako wewe. Haitatoa hukumu yoyote mpaka iwe imeona angalau taka 200 na halali 200. Ikishajua, uzito wake ni mkubwa: barua ambayo ina hakika kwamba ni taka huongezewa alama 3.5, na ile ambayo ina hakika kwamba ni halali hupunguziwa 1.9. Kampuni yetu ya Arusha ina barua halali 200 za Kiswahili kwenye kumbukumbu za mwezi mmoja. Fundi azichague kwa mkono, pamoja na za Kijerumani na Kifaransa, azifundishe zote siku ya kwanza. Saa nne za kazi hiyo zina faida kuliko seva yoyote kubwa utakayokodi.

Chaguo la kuzuia lugha lipo pia, kupitia nyongeza ya TextCat, ambayo haiwashwi mpaka uiwashe mwenyewe. Kiswahili kimo kwenye orodha yake kwa alama ya sw. Mimi singeitumia kuzuia. Barua za biashara za kwetu huchanganya Kiswahili na Kiingereza katika sentensi moja, na mashine inayokisia lugha kutoka mistari miwili hukosea. Mgeni wa Kipolandi naye hajatenda kosa lolote.

Anayetaka kujifunza tu, bila kanuni za mtu mwingine, atazame Bogofilter. Eric S. Raymond aliianza mwaka 2002, baada ya Paul Graham kueleza mwaka huohuo njia ya kutambua taka kwa takwimu za maneno. Ni ndogo, imeandikwa kwa C, haiulizi chochote kwenye mtandao, na hutoa majibu matatu: 0 taka, 1 halali, 2 sina hakika. Jibu hilo la tatu ni la thamani sana kwa mwandishi wa programu, maana linamwambia waziwazi ni barua zipi za kumpelekea binadamu. Haina upendeleo wa Kiingereza kwa sababu haijui lugha yoyote mpaka uifundishe. Udhaifu wake unatoka hapohapo: usipoifundisha haina faida, na ukiifundisha vibaya itarudia makosa yako kwa utiifu. Kwa ofisi ndogo yenye mtu mmoja makini, naipenda. Kwa ofisi ambayo kila mtu anabonyeza kitufe cha taka apendavyo, hapana.

Rspamd ni kizazi kipya zaidi. Injini yake imeandikwa kwa C na kanuni nyingi kwa Lua, mwanzilishi wake ni Vsevolod Stakhov, na leseni yake ni ya Apache kama ya SpamAssassin. Mwandishi wa tovuti ataizoea haraka, kwa sababu mazungumzo yake ni ya HTTP: unatuma barua kwa POST kwenye poti 11333, anwani ya /checkv2, unapata JSON yenye alama, kanuni zilizoguswa na hatua inayopendekezwa. Hatua hizo ni ngazi, kutoka kuachia, kuongeza kichwa, hadi kukataa. Kwa mipangilio ya kawaida kichwa huongezwa kwenye alama 6 na kukataa huja kwenye 15. Pengo hilo la 6 hadi 15 ndilo ninalolipenda: linakupa eneo la mashaka lililo tayari, wakati SpamAssassin inakupa mstari mmoja na kukuachia kuchora mingine mwenyewe.

Kwa kasi, Rspamd haina mshindani hapa. Mtoa huduma wa intaneti au chuo kikuu chenye maelfu ya masanduku hana haja ya kusoma zaidi, achukue hii. Lakini inataka Redis kando yake kwa kujifunza na kukumbuka, ina moduli nyingi, na faili zake za mipangilio zinahitaji mtu atakayekaa nazo. Kwa barua 300 kwa siku kasi hiyo haikuongezei kitu, na fundi akiondoka anayemrithi atakuwa na mambo mengi zaidi ya kuelewa. Kuna jambo jingine: ukiipelekea barua bila kuiambia ilitoka anwani gani ya IP, nani alijitambulisha kutuma na ni kwa nani, sehemu kubwa ya ukaguzi wake hupotea. Taarifa hizo hupelekwa kwenye vichwa vya ombi la HTTP, na watu huzisahau.

Jambo hili linahusu vichujio vyote, na ndilo linalotofautisha kuchuja ndani ya programu na kuchuja mlangoni. Seva inayopokea barua inajua nani amegonga. Programu yako inaikuta barua dakika kumi baadaye, ikiwa imelala sandukuni. SPF, ukaguzi wa seva zinazoruhusiwa kutuma barua za kikoa, hupimwa kwa anwani ya IP ya mgongaji, kwa hiyo inabidi ichimbuliwe kwenye vichwa vya Received, na SpamAssassin lazima iambiwe seva zipi ni zako kwa mipangilio ya trusted_networks na internal_networks. Bila hivyo itamhukumu tarishi wako badala ya mtumaji. DKIM, sahihi ya kidijitali ya barua, bado inaweza kuhakikiwa, mradi barua haijaguswa. Hapa ndipo programu nyingi huharibu: huchambua barua, huhifadhi mada na maneno kwenye hifadhidata, kisha hujaribu kuijenga upya ili ichunguzwe. Sahihi ya DKIM haitasimama tena. Hifadhi baiti zilezile zilizofika, zichunguze hizo, halafu ndipo uchambue.

Orodha za anwani mbaya, kama ZEN ya Spamhaus, huulizwa kwa DNS na ni bure kwa matumizi madogo yasiyo ya biashara. Kampuni hupaswa kulipia. Ukiuliza kupitia DNS ya umma, kwa mfano 8.8.8.8, hupati hukumu. Unapata jibu la 127.255.255.254, maana yake umetumia mlango usioruhusiwa. Programu inayodhani kila jibu ni ushahidi wa taka itakataa barua zote za dunia kuanzia dakika hiyo. Kwa hiyo weka Unbound, programu ya DNS, kwenye seva yako ili maswali yatoke kwako mwenyewe. Ni bure na hutumia memori kidogo.

Kuna pia huduma za kulipia za mbali. Amazon SES hupokea barua kwa niaba yako na huandika kichwa cha X-SES-Spam-Verdict: PASS, FAIL, au GRAY pale isipokuwa na hakika. Bei yake ni senti 10 za dola kwa kila barua 1,000, na senti 9 kwa kila vipande 1,000 vya kilobaiti 256. Kampuni yetu yenye barua 9,000 kwa mwezi ingelipa karibu senti 90 kwa idadi, na senti chache zaidi kwa ukubwa. Kwa tarakimu, hakuna kinachoishinda. Lakini ili uitumie lazima uelekeze rekodi za MX za kikoa, au za kikoa kidogo, kwa Amazon. Lazima uwe na kadi ya kulipia kwa dola kila mwezi. Na huwezi kuifundisha Kiswahili chako. Hukumu ni yao, hutaona kanuni wala alama.

Wapo wanaotumia SpamCheck ya Postmark, huduma ya bure inayopokea barua kwa HTTP na kurudisha alama. Ndani yake ni SpamAssassin hiyohiyo, bila Bayes yako. Imekusudiwa kumsaidia mtu kupima barua anazotaka kutuma, na kwa kazi hiyo ni nzuri. Kuijengea mfumo wa kupokea barua za wateja sikushauri. Akismet ya Automattic, iliyoanza 2005, ni ya maoni na fomu za tovuti. Ikiwa wateja wako wanaandika kupitia fomu badala ya barua pepe, hiyo ndiyo ya kutazama kwanza, na kwa biashara inalipiwa.

Kila huduma ya mbali ina gharama ambayo haimo kwenye bei. Barua nzima ya mteja, na nakala ya pasipoti iliyoambatishwa, inaondoka nchini. Kenya ina sheria ya ulinzi wa data ya 2019, na Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Zote mbili zinaweka masharti ya kusafirisha taarifa za mtu nje ya mipaka. Muulize mwanasheria kabla ya kuandika msimbo. Angalizo hilohilo linawahusu wanaotaka kupeleka kila barua kwenye modeli kubwa ya lugha. Modeli hizo zinaelewa Kiswahili kuliko kanuni yoyote ya mwaka 2001, lakini hulipiwa kwa tokeni, na barua za HTML zimejaa tokeni zisizo na maana. Tena tapeli anaweza kuandika ndani ya barua maagizo ya kuidanganya modeli imtangaze kuwa safi. Ziachie barua za eneo la mashaka tu, baada ya kuondoa viambatisho.

Usichanganye haya na kutafuta virusi. ClamAV hufanya kazi hiyo, ni bure, na wenyewe wanapendekeza angalau gigabaiti 3 za memori. Kwa seva ya dola 12 hilo halipo. Zuia aina za viambatisho hatari kwa jina na aina ya faili, na uiache ClamAV mpaka uwe na seva inayoibeba. Na tambua kwamba hakuna hata kimoja kati ya vichujio hivi kitakachokamata kwa uhakika barua ya msambazaji wako halisi, ambaye sanduku lake limevamiwa, akikutaka ubadilishe namba ya akaunti ya kulipia. Barua hiyo inatoka mahali sahihi na ina sahihi zote. Kinga yake ni kupiga simu kwa namba unayoijua wewe.

Kwa kampuni ya barua 300 kwa siku, chaguo langu ni SpamAssassin kupitia spamd kwenye seva yako, watoto wawili, Unbound kando yake, na Bayes iliyofundishwa kwa barua zako za lugha zote kabla ya siku ya kwanza. Chini ya alama 5, fungua tiketi. Kati ya 5 na 10, fungua tiketi iliyotiwa alama ya mashaka, bila kujibu yenyewe. Juu ya 10, weka kando siku 30, usifute. Ijaribu kwa barua ya GTUBE, ambayo imetengenezwa makusudi kuhukumiwa taka, na uipeleke kila saa kwa mashine: siku isipohukumiwa, kichujio kimelala na fundi apigiwe simu. Asiye na fundi kabisa asome vichwa vya mtoa huduma wake na asimamie folda ya Spam. Mwenye maelfu ya masanduku achukue Rspamd. Na chochote utakachochagua, mpe mtu mmoja mwenye jina ofisini jukumu la kupitia barua zilizowekwa kando kila wiki, na umlipe kwa kazi hiyo.